Kichocheo changu cha hidrojeni kinakuwa bora kadiri kinavyotumika: nikiamini?

*"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya kemia. Ninatengeneza chembe za nano za fosfidi ya nikeli juu ya povu la nikeli (metali yenye vitundu kama sponji), ili ziwe kichocheo cha kugawa maji kwa umeme na kupata hidrojeni. Ninapima katika myeyusho wa haidroksidi ya potasiamu wa moli 1 kwa lita. Elektrodi ya pili ni waya wa platinamu, na elektrodi ya rejea, ile ya kulinganishia volti, ni ya fedha na kloridi ya fedha. Siku ya kwanza kichocheo kilihitaji volteji ya ziada ya milivolti 180 ili kutoa miliampea 10 kwa kila sentimita ya mraba. Baada ya kukiendesha kwa saa 20, kilihitaji milivolti 70 tu. Kwa upande wa oksijeni, mkondo unaanza kupanda kwenye volti 1.38, kwa hiyo nimeandika kwamba volteji ya ziada ni milivolti 150. Msimamizi wangu amekataa kutia sahihi mpaka nieleze kwa nini kichocheo kinaboreka kwa kutumika. Je, jambo hilo haliwezekani? Na nikipunguza chembe kutoka nanomita 20 hadi 3, nitaweza kugawa maji kwa chini ya volti 1.23?"*

Marahaba, na pole kwa kazi. Swali lako lina vipande kadhaa, lakini naona wasiwasi ulio chini yake ni mmoja: unahofia kwamba unazuiliwa matokeo mazuri kwa sababu tu ni mazuri mno. Nami ningeletewa matokeo hayo, ningeizuia kalamu yangu kama alivyofanya msimamizi wako. Sisemi kwamba umeghushi, wala kwamba kichocheo chako hakifai. Nasema kwamba katika maelezo yako mwenyewe umetaja vitu vitatu ambavyo kila kimoja kinaweza kukupa tarakimu ya kupendeza bila fosfidi ya nikeli kuhusika: waya wa platinamu, elektrodi ya rejea isiyopatana na alkali, na povu la nikeli lenyewe.

Nianze na swali la mwisho, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Hutaweza kushuka chini ya volti 1.23, hata chembe zako zikiwa ndogo kiasi gani. Kiwango hicho, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, si tabia ya kichocheo bali ni tofauti ya nishati huru kati ya maji kwa upande mmoja na hidrojeni na oksijeni kwa upande wa pili, yaani kilojuli 237 kwa kila moli ya maji. Aliyepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, mji ulio juu kwenye milima ya Usambara, anajua kwamba barabara ile ingeweza kuchongwa upya, ikapunguzwa kona na kuepushwa na vilima visivyo vya lazima, lakini hakuna mkandarasi atakayeishusha Lushoto ilipo. Kichocheo huchonga barabara tu, na vile vilima vya njiani vinavyoweza kuepukwa ndivyo tunavyoviita volteji ya ziada. Tena, sehemu ya nishati inayohitajika huingia kama joto, na kama joto hilo halitoki nje, mtambo unahitaji volti 1.48 ili usijipooze. Kwa hiyo ukiona mkondo wa kudumu kati ya elektrodi mbili chini ya volti 1.23, tafuta kile kinachooksidishwa badala ya maji. Mara nyingi ni elektrodi yenyewe inayoliwa.

Sasa kuhusu udogo wa chembe, kwa kuwa hapa ndipo neno "nano" linapowapotosha wengi. Chukua mche wa metali wenye upande wa sentimita 1. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Ukiukata uwe miche ya nanomita 10, uso wa metali ileile unafika mita 600 za mraba, zaidi ya kiwanja cha mpira wa kikapu. Mkondo utaongezeka, bila shaka, kwa sababu maji yanakutana na atomi nyingi zaidi. Lakini nazi iliyokunwa hutoa tui upesi kuliko nazi iliyokatwa vipande, na bado ni nazi ya mnazi uleule. Mtafiti anayeandika kwamba amegundua kichocheo bora, ilhali alichofanya ni kukikuna vizuri zaidi, anachanganya wingi wa vituo vya mmenyuko na ubora wa kila kituo.

Ubora wa kituo unategemea jinsi kinavyoishika atomi ya hidrojeni. Kikiishika kwa ulegevu mno, hidrojeni haitui. Kikiishika kwa nguvu mno, inatua lakini haiondoki, kama mgeni aliyeona chakula ni kitamu. Platinamu inasifika kwa sababu mshiko wake uko karibu na katikati. Zipo maada ambazo udogo hubadilisha hata vituo vyenyewe, na mfano ulio wazi ni disalfidi ya molibdenamu. Mwaka 2005 hesabu za kinadharia zilionyesha kwamba kingo za tabaka zake zinaishika hidrojeni kwa kiasi kinachofaa, na mwaka 2007 vipimo vya maabara vikathibitisha kwamba mkondo unakwenda sambamba na urefu wa kingo, si ukubwa wa uso bapa. Pale, kupunguza chembe kuna maana kwa sababu kunaongeza kingo. Kwa fosfidi yako, usidhani hivyo kabla ya kupima. Nanomita 3 zina gharama zake pia: chembe ndogo namna hiyo hupenda kuungana, huyeyuka kwa urahisi zaidi, na hubanduliwa na mapovu ya gesi yanapoondoka.

Turudi kwenye fumbo lenyewe, la milivolti 180 kuwa 70. Kichocheo chako kinapotoa hidrojeni, waya wa platinamu upande wa pili unalazimika kutoa oksijeni. Waya huo uko kwenye potensheli (kiwango cha volti) ya juu, na platinamu, pamoja na sifa yake ya kutoliwa na kitu, huko juu huyeyuka kidogo kidogo. Kiasi kinachoyeyuka ni kidogo sana hata ungeupima waya kwenye mizani usingeona tofauti. Lakini ioni zake zinaogelea hadi kwenye elektrodi yako, ambako potensheli ni ya chini, na huko zinageuka tena kuwa metali. Saa 20 zinatosha. Chembechembe za platinamu zilizotapakaa juu ya povu hufanya kazi nzuri ajabu, nawe unadhani fosfidi imekomaa. Angalia pia kwamba tarakimu yako mpya ni ya kiwango ambacho elektrodi za platinamu yenyewe hutoa katika alkali. Jambo hili ni kali zaidi katika asidi, lakini alkali haikuepushi nalo, na limeharibu kazi za watu wengi wenye uzoefu kuliko wewe.

Je, ni lazima iwe hivyo? Hapana, na kwa haki ya kichocheo chako nitaje njia nyingine ambazo kingeweza kuboreka kweli. Fosfidi iliyokaa hewani huvaa ngozi ya oksaidi na fosfati, na ngozi hiyo huweza kuondoka saa za mwanzo na kuacha uso ulio safi. Uso pia unaweza kukwaruzika na kuongezeka. Katika alkali, zaidi ya hayo, sehemu ya nikeli hugeuka kuwa haidroksidi, nayo husaidia kuvunja molekuli ya maji kabla hidrojeni haijapata pa kutua, hatua ambayo katika asidi haipo. Maelezo hayo yote yanaheshimika. Tatizo ni kwamba maadamu waya wa platinamu uko ndani ya chombo, huna namna ya kuyatenganisha na uchafu wa platinamu.

Kwa hiyo fanya jaribio moja kabla ya mengine yote. Tengeneza kipande kipya kabisa cha kichocheo, kwenye chombo kipya ambacho hakijawahi kuguswa na waya ule, na elektrodi ya pili iwe ufito wa grafiti, ukiutenga kwa utando wa kubadilishana ioni. Grafiti nayo si malaika: upande wa oksijeni hulika na kumwaga unga mweusi, na ndiyo maana nasisitiza utando. Endesha saa 20 zilezile. Tarakimu ikibaki karibu na 180, umepata jibu lako. Ikishuka tena, pima uwezo wa uso kuhifadhi chaji kabla na baada, kwa kuendesha potensheli huku na huko kwa kasi mbalimbali mahali ambapo hakuna mmenyuko. Uwezo huo ukiongezeka sambamba na mkondo, kichocheo kimeongezeka uso, hakijaongezeka ubora. Usichukue kipande chako cha zamani ukakijaribu na grafiti ukidhani umesafisha kosa, kwa maana platinamu iliyokwisha kutua haiondoki kwa kubadilisha elektrodi ya pili. Kihifadhi hicho cha zamani kwenye mfuko safi. Nitaeleza kwa nini.

Elektrodi ya rejea nitaipitia kwa ufupi. Ile ya fedha na kloridi ya fedha imetengenezwa kwa mazingira yasiyo asidi kali wala alkali kali. Katika alkali kali, ioni za haidroksidi hupenya polepole kwenye kizibo chake, zikaanza kubadilisha kloridi ya fedha kuwa oksaidi ya fedha, na rejea yako inahama bila kukuaga. Kuhama kwa makumi ya milivolti ndani ya saa 20 si jambo la kushangaza, na sehemu ya uboreshaji wako huenda inatoka hapo. Kwa alkali tunatumia ya zebaki na oksaidi ya zebaki. Irekebishe upya kila wiki katika myeyusho uleule uliojazwa hidrojeni, badala ya kuamini tarakimu ya kitabuni. Urekebishaji huo hutumia kipande cha platinamu, kwa hiyo ufanyie kwenye chombo kingine kabisa.

Kuhusu volti 1.38 upande wa oksijeni, hapa nina uhakika zaidi. Katika eneo la volti 1.35 hadi 1.45 dhidi ya elektrodi ya hidrojeni, nikeli yenyewe hupoteza elektroni na kupanda kutoka hali ya oksidisho ya 2 kwenda ya 3. Huo ni mkondo halali wa umeme, lakini hautoi hata povu moja la oksijeni. Kwenye elektrodi tambarare ungeuona kama kilima kidogo. Kwenye povu la nikeli, lenye uso mkubwa na nikeli tele, kilima hicho kinaweza kuvuka miliampea 10 kwa urahisi, na mstari wako unakipanda kabla oksijeni haijaanza. Soma mkondo ukishuka kutoka potensheli ya juu kwenda ya chini, au bora zaidi shikilia miliampea 10 kwa nusu saa na uandike potensheli inapotulia. Tarakimu itapanda, naomba usihuzunike. Fahamu pia kwamba kwenye potensheli hizo fosfidi haibaki kuwa fosfidi: fosforasi hutoka kama fosfati, uso ukabaki oksihaidroksidi ya nikeli. Kichocheo cha oksijeni ulicho nacho, kwa hiyo, si kile ulichokipa jina kwenye tasnifu.

Na hapo kuna mtego wa nne ambao hukuutaja. Potasiamu haidroksidi ya kawaida huwa na chembe za chuma, na chuma kidogo sana kikiingia kwenye oksihaidroksidi ya nikeli hupandisha utoaji wa oksijeni kwa kiasi kikubwa. Dennis Corrigan alilionyesha hilo mwaka 1987, na kazi zilizochapishwa mwaka 2014 zikaonyesha kwamba sifa nyingi ambazo nikeli ilikuwa ikipewa zilikuwa za chuma kilichoingia kimyakimya. Chombo cha kioo nacho huliwa na alkali na kuachia uchafu wake. Pimia katika chombo cha plastiki, na safisha alkali kwa kuitikisa pamoja na haidroksidi ya nikeli iliyo safi, ambayo hunyonya chuma, kisha uichuje.

Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilikaa wiki sita nikifurahia elektrodi iliyokuwa ikiongezeka mkondo kila siku. Povu la nikeli hupandisha maji kama utambi wa kibatari. Myeyusho ulikuwa umepanda hadi kwenye kibano cha shaba, kibano kinaota kutu ya kijani, na eneo nililoandika kuwa sentimita 1 ya mraba lilikuwa karibu mara mbili yake. Fundi sanifu wa maabara ndiye aliyeniambia, kwa kidole, bila neno. Paka sehemu ya juu ya povu gundi ya epoksi isiyopitisha maji, uache dirisha lenye eneo unalolijua.

Kipimo ambacho hakina ujanja ni gesi yenyewe. Mkondo wa miliampea 100 ukipita kwa saa 1, na wote ukaenda kwenye hidrojeni, utakupa takriban mililita 46 kwenye joto la kawaida la chumba. Kusanya kwenye bureti iliyopinduliwa, ulinganishe. Ukipata pungufu mno, ama gesi inavuja au umeme unakwenda kwingine, na vyote viwili ni vya kujua kabla ya mtahini kuviuliza.

Unaniuliza, bila kusema wazi, kama sasa uendelee na nanomita 3, urudie vipimo, au ubadilishe mada. Kuendelea na nanomita 3 sasa ni kujenga ghorofa juu ya msingi usioujua. Kubadilisha mada ni kupoteza ujuzi ambao umekwisha kuupata. Kurudia vipimo kutakula miezi miwili, labda mitatu kama utando na elektrodi ya zebaki vinaagizwa kutoka nje, na huenda mwishoni ukabaki na kichocheo cha milivolti 180, ambacho si cha kujivunia mbele ya majarida makubwa. Hata hivyo ni tarakimu inayosimama. Kwa maoni yangu tasnifu yenye tarakimu ya kawaida na maelezo kamili ya jinsi platinamu ilivyohama, ikiwa ndivyo ilivyokuwa, ina faida kwa anayekuja baada yako kuliko jedwali lingine la milivolti 70.

Ukitaka kuongeza uzito wa kazi bila kukimbilia udogo, peleka kichocheo kwenye mazingira ya kiwandani. Nikeli si mgeni huko: mitambo ya alkali imetumia nikeli na chuma kilichopakwa nikeli kwa karibu karne nzima, na viwanda vya mbolea vya Aswan nchini Misri na Kwekwe nchini Zimbabwe vilipata hidrojeni kwa kugawa maji kwa umeme wa mabwawa miongo mingi kabla neno nano halijaingia kwenye maombi ya fedha za utafiti. Mitambo hiyo huendeshwa kwenye miliampea mia kadhaa kwa sentimita ya mraba, alkali ya asilimia 25 hadi 30, joto la nyuzi 60 hadi 90, na kwa makumi ya maelfu ya saa. Miliampea 10 kwenye joto la chumba ni salamu tu. Kila volti 0.1 unayopunguza inaokoa karibu kilowati-saa 2.7 kwa kila kilo ya hidrojeni, nayo kilo hiyo, mtambo ukiendeshwa kwa volti 1.8, inakula karibu 48. Hivyo milivolti 110 ulizodhani umezipata zingekuwa na thamani halisi, kama zingekuwa zako. Jaribio ambalo wachache hulifanya ni kuwasha na kuzima, kwa sababu mtambo unaotegemea jua huzimika kila jioni, na wakati huo mkondo hugeuka kinyume na kuziumiza elektrodi. Washa na uzime mara mia, uone kama chembe zako bado zimeshika.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa kuandika. Kile kipande cha zamani nilichokuomba ukihifadhi kinahitaji kuchunguzwa uso wake kwa spektroskopia ya fotoelektroni za eksirei, au kuyeyushwa na kutafutwa platinamu kwa spektrometa ya masi yenye plazma. Kama chuo chako hakina mashine hizo, mwombe msimamizi awaandikie walio nazo, na uende mwenyewe ukakae na anayeiendesha, kwa kuwa platinamu iliyo chache hujificha kwa urahisi kwa asiyejua aitafute wapi. Peleka pia kipande ambacho hakijatumika ili kiwe cha kulinganishia.

La pili ni la usalama, na hili usilisubirishe. Hukueleza unatengenezaje fosfidi. Kama unapasha moto haipofosfiti ya sodiamu pamoja na nikeli kwenye tanuri la bomba, kama wengi wanavyofanya, inatoka gesi ya fosfini, ileile inayotolewa na vidonge vya kufukizia mahindi ghalani, ambayo imeua watu waliolala karibu na magunia. Usirudie kupasha mpaka mtaalamu wa maabara amesimama pale akaona kabati la kufyonza hewa linafanya kazi, na gesi inayotoka inapitishwa kwenye myeyusho wa salfeti ya shaba kabla ya kwenda nje. Ukihisi kifua kubana au kichwa kuuma baada ya kazi hiyo, toka kwenye hewa safi na uende hospitali siku hiyohiyo, ukimtajia daktari jina la gesi. Alkali ikikuingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia. Na hidrojeni unayoikusanya kwenye bureti, itoe dirishani kabla ya kuwasha chochote, kwa sababu inashika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na mwali wake mchana hauonekani.

Mwonyeshe msimamizi wako jibu hili kama unaona linafaa, kisha muombe ufito wa grafiti na chombo cha plastiki. Hivyo havihitaji kuagizwa mbali, na jaribio la kwanza linaweza kuanza wiki hii.